Barua za Wasomaji: Je, nilipenda bendi au nilipenda kanda?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 51. Nilipokuwa na miaka 14, kaka yangu mkubwa aliniachia kanda moja ya bendi ya Queen, ile ya nyimbo zao zilizovuma, nami niliisikiliza kila siku hadi maandishi ya juu yake yakafutika. Mwezi uliopita rafiki yangu wa tangu enzi hizo alipendekeza kila mmoja wetu aandike nyimbo 10 za Queen anazozipenda kupita zote, kisha tulinganishe. Zangu zote 10 zimo katika ile kanda. Katika orodha yake, zilizomo humo ni 2 tu, na zile 8 zilizobaki sikuwahi hata kuzisikia. Akaniambia, kwa utani wenye mwiba, kwamba mimi sikuwahi kuwa mpenzi wa Queen, bali nilikuwa mpenzi wa kaseti. Nimezisikiliza hizo 8 mara moja moja na hazikunigusa. Je, anayosema ni kweli? Na je, nimechelewa mno kuzipenda nyimbo nyingine za bendi ambayo nilidhani naijua? (Mpenzi wa Kaseti)

JIBU: Dada yangu, rafiki yako amesema nusu ya ukweli, na hata hiyo nusu si ya kuonea aibu.

Tuanze na kanda yenyewe. Greatest Hits ilitoka Oktoba 1981 ikiwa na nyimbo 17 katika toleo la Uingereza, na baadhi ya nchi zilipata orodha tofauti kidogo, kwa kufuata nyimbo zilizovuma huko. Hakuna albamu iliyouzwa zaidi ya hiyo katika historia ya Uingereza. Nchini humo pekee zimekwisha kuhesabiwa nakala zaidi ya milioni 7. Kwa hiyo, ikiwa kuingia kwa Queen kupitia mlango huo ni kosa, umekosea pamoja na umati mkubwa sana. Hata hivyo, yafaa kukumbuka jinsi nyimbo zile zilivyofika humo. Hakuna aliyeketi akasikiliza kazi yote ya bendi tangu mwanzo na kuchagua zilizo bora kwa sikio lake. Zilikuwa nyimbo zilizokwisha kutolewa katika santuri ndogo, zikapigwa redioni na kuuzwa dukani, na orodha ikapangwa kwa mafanikio hayo. Wewe ulirithi uchaguzi wa soko, halafu ukaufanya wako kwa kuurudia. Hapo kwenye kuurudia ndipo penye jambo lenyewe.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini sina hakika kwamba walikuwa wakifikiria muziki. Katika muziki, mara nyingi kinyemi ni kile kilichozoeleka. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi, hata pasipo kuelezwa uzuri wake. Watu wa redio walilijua hilo bila kusoma saikolojia. Mwaka 1975, wakati wakubwa wa kampuni ya kurekodi walipokuwa wakihofu kwamba Bohemian Rhapsody, yenye karibu dakika 6, ilikuwa ndefu mno kwa redio, mtangazaji Kenny Everett wa London aliupata wimbo huo mapema, na inasimuliwa kwamba aliupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa juma. Wimbo ulikaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki 9. Sisemi kwamba ungeshindwa bila yeye, maana ni wimbo wa ajabu kwa vyovyote vile. Ninachosema ni kwamba hata wimbo wa ajabu unahitaji kurudiwa kabla masikio hayajaacha kuushangaa na kuanza kuupenda.

Sasa pima haki uliyowatendea wageni wako 8. Wimbo wa kwanza wa kanda yako uliusikia labda mara 1,000. Ule wa rafiki yako umeusikia mara moja, pengine huku ukiwaza mambo mengine, na tayari umeshatoa hukumu.

Kuna pia suala la umri, ambalo watu hulisema kwa wepesi kupita kiasi. Tunaambiwa kwamba nyimbo za ujanani hazina mshindani kwa kuwa ubongo wa wakati ule hushika kila kitu, na ni kweli kwamba watu wazima wanapoulizwa kumbukumbu za maisha yao, nyingi hutoka katika miaka ya kati ya utoto na utu uzima kamili. Lakini watafiti wa Marekani Morris Holbrook na Robert Schindler, walipowapa watu wa rika mbalimbali nyimbo za nyakati tofauti wazipime, katika kazi waliyoitoa mwaka 1989, waliona kwamba upendeleo ulifikia kilele kwa nyimbo zilizokuwa zikivuma msikilizaji alipokuwa na miaka kama 24, si 14. Tena kilele hakikuwa ukuta. Upendeleo ulishuka taratibu kwa pande zote mbili. Mimi mwenyewe hupata faraja katika takwimu hiyo kila ninapoambiwa na watu wa rika langu kwamba baada ya miaka 17 masikio hufungwa kwa kufuli.

Kwa hiyo nadhani nyimbo zako 10 unazipenda kwa dhati, ila kilichozichagua si masikio peke yake. Zilichaguliwa pia na kaka yako aliyekuachia kanda, na na kanda yenyewe, ambayo haikukuruhusu kuruka wimbo bila kubonyeza kitufe na kukisia ni wapi pa kusimama. Nina hakika mpaka leo, wimbo mmojawapo unapoishia redioni, akili yako huanza yenyewe kupiga mwanzo wa ule uliofuata kwenye kanda, nawe hushtuka redio inapopiga kitu kingine. Huo ni upendo wa kaseti, rafiki yako hakukosea. Alipokosea ni kudhani kwamba huo si upendo wa bendi. Nani basi alikuwa akiimba humo ndani?

Kuhusu kuchelewa, hujachelewa, ila zile 8 kwa pamoja ni nyingi. Kwa kuwa hukuniandikia majina yao, nitakupa 3 za kwangu ambazo hazimo katika kanda yako, nami naomba uzisikilize kama ulivyosikiliza ukiwa na miaka 14: wimbo mmoja kwa juma zima, bila kufanya kazi nyingine, na ukifika mwisho uuanze tena.

Wa kwanza ni '39, uliotungwa na mpiga gitaa Brian May na kuimbwa naye mwenyewe katika albamu ya A Night at the Opera ya mwaka 1975. Ukiusikia juu juu utadhani ni wimbo wa kale wa mabaharia: gitaa lisilo la umeme, mdundo wa kutembea, watu wanaondoka kwa chombo kutafuta nchi mpya. Nami niliuchukulia hivyo kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo niliuruka. Kumbe chombo chenyewe ni cha angani. Wasafiri wanaondoka kwa muda ambao kwao ni mwaka mmoja tu, lakini kwa kuwa wamesafiri kwa kasi kubwa mno, wanaporejea wanakuta nyumbani imepita miaka 100, na aliyeachwa hayupo tena. Yule anayewapokea ni wa kizazi kingine. Hiyo ni nadharia ya Einstein juu ya wakati, iliyofichwa ndani ya wimbo unaoweza kuimbwa na watu waliokaa kuuzunguka moto. May hakuiokota barabarani: alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika fizikia ya anga kabla bendi haijamchukua, akaiweka kando kwa zaidi ya miaka 30, na akaikamilisha mwaka 2007 kwa utafiti juu ya vumbi lililotawanyika katika mfumo wa jua. Ukiwa na miaka 14 wimbo huu ungekuwa hadithi ya kusisimua tu. Ukiwa na miaka 51, ukisikiliza habari za mtu aliyerudi akakuta muda umekwenda bila yeye, sidhani kama utahitaji maelezo yangu. Ndiyo sababu nimeuweka wa kwanza, na ndiyo sababu nimeuandikia aya ndefu kuliko adabu ya safu hii inavyoruhusu.

Wa pili ni Love of My Life, wa Freddie Mercury, kutoka albamu hiyohiyo. Uchukue kwanza ulivyorekodiwa studio, kwa piano na kinubi. Kinubi hicho alikipiga May, ambaye hakuwa mpiga kinubi, kwa hiyo alikirekodi kipande kwa kipande. Kisha tafuta ulivyopigwa jukwaani, ambako piano iliachwa na Mercury akabaki na gitaa moja tu la May. Katika matamasha ya aina hiyo ilifika mahali mwimbaji akanyamaza na umati ukaimba kwa niaba yake, hasa Amerika ya Kusini mwaka 1981. Ni wimbo mmoja, lakini ule wa studio ni barua ya siri na ule wa jukwaani ni barua inayosomwa hadharani na watu maelfu. Mimi napenda zaidi wa studio, na najua wengi watanipinga.

Wa tatu ni Spread Your Wings wa mwaka 1977, uliotungwa na mpiga besi John Deacon. Ni habari ya kijana anayefagia katika baa, bosi wake akimdharau, naye akiota kuondoka. Hauna mbwembwe za sauti zilizorundikwa ambazo watu huzitambua kuwa ndizo Queen, na huenda ndiyo maana masikio yaliyolelewa na ile kanda huupita bila kusimama. Ulitolewa kwenye santuri ndogo lakini haukufika mbali katika chati, kwa hiyo haukupata nafasi katika kanda yako. Tazama basi jinsi mipaka ya mapenzi yako ilivyochorwa na hesabu za mauzo za mwaka ambao hukuwa hata na miaka mitano.

Baada ya majuma matatu, ikiwa hakuna hata mmoja uliokuingia, mrudie rafiki yako kwa amani umwambie kwamba umejaribu, kisha mwulize yeye aliziondoa kwa nini zile nyingine kwenye orodha yake. Ninashuku kwamba mtu anayeandika nyimbo 10 za Queen na kuacha karibu kila wimbo uliovuma, naye anachagua kwa kitu kingine mbali na masikio.

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anashikilia kwamba nyimbo zote kubwa za Queen zilitungwa na Freddie Mercury, wenzake wakawa wanampigia ala tu. Pia anasema neno "Bismillah" katika Bohemian Rhapsody ni ushahidi kwamba Freddie alikuwa Mwislamu, kwa kuwa alizaliwa Zanzibar. Tumebishana hadi tumechoka. Tuamulie. (Wawili Tusioelewana)

JIBU: Nitaanza na la pili, ambalo ni jepesi. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi wenye asili ya India, na dini ya familia ilikuwa ile ya Zoroasta. Alisoma shule ya bweni huko India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Alipofariki tarehe 24 Novemba 1991, mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa dini hiyo ya Zoroasta. Neno "Bismillah" limo, kila msomaji wetu amelisikia na kushtuka mara ya kwanza, na mwaka 1978 alifungua albamu nyingine kwa wimbo uitwao Mustapha. Lakini neno lililomo katika wimbo si cheti cha dini ya mtunzi. Yeye mwenyewe alikataa siku zote kueleza maana ya Bohemian Rhapsody, na nadhani alijua alichokuwa akikilinda.

La kwanza, mdogo wako hakubahatika. Queen ni mojawapo ya bendi chache mno ambazo kila mmoja wa wanachama wake wote wanne alitunga nyimbo zilizotikisa dunia. Bohemian Rhapsody, Somebody to Love, Don't Stop Me Now na We Are the Champions ni za Mercury, hilo apewe. We Will Rock You ni ya May, naye aliitunga baada ya umati mmoja nchini Uingereza kukataa kuondoka tamasha lilipokwisha, ukabaki ukiwaimbia wao. Akatafuta kitu ambacho watu waliobanana ukumbini wangeweza kukifanya bila ala, yaani kupiga miguu chini na makofi. Usikilize tena utagundua kwamba hakuna ngoma hata moja, na gitaa linaingia karibu na mwisho. Radio Ga Ga ni ya mpiga ngoma Roger Taylor. Na yule Deacon, mtu mkimya asiyeimba, ndiye aliyetunga Another One Bites the Dust, uliofika nambari 1 Marekani mwaka 1980, pamoja na I Want to Break Free na You're My Best Friend, huu wa mwisho akiwa ameutungia mke wake. Alitaka upigwe kwa piano ya umeme. Mercury hakuipenda sauti ya ala hiyo akakataa kuipiga, basi Deacon akajifunza mwenyewe.

Wanaotaka kujua kwa nini jina la mtunzi lilikuwa na uzito katika bendi hiyo wageuze santuri ndogo ya Bohemian Rhapsody waangalie upande wa pili. Kuna wimbo wa Taylor uitwao I'm in Love with My Car, mapenzi ya mtu na gari lake, ambao wenzake waliufanyia mzaha. Lakini kila nakala iliyouzwa iliuzwa na pande zake zote mbili, na mrabaha wa mtunzi wa upande wa pili ulikuwa sawa na wa mtunzi wa upande wa kwanza, hivyo wimbo wa gari ukaingiza fedha bega kwa bega na ule uliokaa wiki 9 kileleni. Ugomvi uliotokana na mambo ya namna hiyo haukwisha haraka. Kuanzia albamu ya The Miracle ya mwaka 1989 waliamua nyimbo zote ziandikwe kwa jina la Queen, bila kutaja mtu mmoja mmoja, na kwa maelezo yao wenyewe amani ilirudi. Huenda ndizo nyimbo za kipindi hicho zilizompotosha mdogo wako.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nina miaka 16. Baba yangu ananisimulia Queen kila siku, na mimi nimeanza kuwapenda kwa kutazama video za jukwaani. Nina maswali mawili. Kwa nini sijawahi kuona video yao wakiimba ile sehemu ya katikati ya Bohemian Rhapsody, ya sauti nyingi? Na je, nikiwasikiliza wakiwa na mwimbaji mwingine, nitakuwa nimewasikiliza Queen? Baba anasema hapana. (Binti Msikilizaji)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujaiona kwa sababu hawakuiimba. Sehemu ile ilijengwa studio na watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, waliorudia kuimba na kuziweka sauti zao juu ya nyingine tena na tena, mpaka watatu wakawa kwaya kubwa. Jukwaani jambo hilo halikuwezekana, nao hawakutaka kulifanya vibaya. Walikuwa wakiimba mwanzo, kisha wanaondoka jukwaani, taa zinacheza huku mkanda wa studio ukipigwa, na gitaa zito lilipofika walirudi kwa kishindo kuumalizia. Katika tamasha la Live Aid uwanjani Wembley tarehe 13 Julai 1985, ambako walikuwa na dakika kama 20 tu, walipiga sehemu ya kwanza ya wimbo huo peke yake na kuingia moja kwa moja Radio Ga Ga. Kama hiyo ndiyo video uliyoitazama, hukukosa kitu kwa uzembe wako.

Swali la pili sitaki kuligeuza kesi kati yako na baba yako. Deacon alistaafu mwaka 1997. May na Taylor waliendelea, kwanza pamoja na Paul Rodgers na baadaye Adam Lambert, na katika hali zote mbili waliliandika jina la mwimbaji kando ya jina la bendi, kwa alama ya kujumlisha. Wao wenyewe, kwa hiyo, hawadai kwamba ni kitu kilekile. Lambert ana sauti pana na hajaribu kumwiga aliyemtangulia, nami namheshimu kwa hilo. Wasikilize bila hofu, ukijua unachokisikiliza.

Ila kabla hamjaanza tena kubishana, tafuteni wimbo mmoja uitwao Mother Love, katika albamu ya Made in Heaven iliyotoka mwaka 1995, miaka minne baada ya kifo cha Mercury. Aliurekodi mwaka wa mwisho wa maisha yake, akiwa mgonjwa sana, ubeti kwa ubeti, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuuimba wote kwa mkupuo. Ulipobaki ubeti wa mwisho alisema amechoka na kwamba angerudi kuumaliza siku nyingine. Hakurudi, na ubeti huo ukaimbwa na May. Kaa na baba yako muusikilize bila kutazama popote penye maelezo, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake ni wapi sauti inabadilika, halafu mlinganishe.